Njia ya miguu ikipita kwenye ua wako: ya kufanya kabla hujasaini

Ukisikia mkutanoni kwamba njia ya waenda kwa miguu na baiskeli inaongezwa, na mstari wake unapita kwenye ua wako, kabla hujamtafuta wakili chukua futi kamba. Pima ukuta wote. Pima kutoka ukutani hadi kona ya nyumba. Hesabu miti, piga picha, andika tarehe. Karatasi hiyo itakutetea hadi siku ya mwisho.

Mimi ni mkazi wa Dodoma. Kiwanja changu kimepakana na korongo, na nimekuwa mjumbe wa kamati ya mtaa iliyowasindikiza majirani tangu mkutano wa kwanza hadi fidia ilipoingia benki. Namwandikia mwenye kipande kidogo: mita nne za ua, mistari ya mizabibu, kibanda cha genge. Habari za fidia ya barabara kuu na reli tumezisikia sana. Njia ya miguu ni jambo jingine, kwa sababu haikuhamishi. Inakumega, wewe unabaki pale pale, na hicho kilichobaki ndicho utakachoishi nacho.

Nieleweke: njia hiyo naitaka kwa moyo wote. Watoto wetu wanakwenda shule pembeni ya lami, bodaboda zinawapita begani, na jua la Oktoba hapa halina huruma. Mpango wa kwanza wa mji mkuu, uliochorwa mwaka 1976 na kampuni ya Kanada iitwayo Project Planning Associates, miaka mitatu baada ya uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, uliwaza mji wa watu wanaotembea na kupanda basi, wenye nafasi za kijani katikati ya makazi. Pembezoni mwa makorongo bado kuna nafasi ya kuyatimiza hayo. Lakini njia nzuri isijengwe juu ya dhuluma ya jirani mmoja.

Uliza kinachofanyika kinaitwaje

Kwenye mkutano utasikia neno "kuchukua" tu. Usiridhike nalo. Kuna kununuliwa kwa makubaliano: mnakaa mezani, mnapatana bei, na una haki ya kukataa. Kuna kutwaliwa, chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, Sura ya 118. Hapo mamlaka ni ya Rais, kupitia Wizara ya Ardhi, kwa manufaa ya umma. Halmashauri inaweza kuomba na kuratibu, ila haitwai kwa jina lake. Unatakiwa upewe notisi ya maandishi, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, na kwa kawaida uwe na wiki 6 kabla ya kutakiwa kuachia, isipokuwa ikielezwa kuwa kuna dharura. Kuna pia haki ya njia: ardhi inabaki kwa jina lako lakini umma unaruhusiwa kupita. Kwa njia nyembamba hili la mwisho linaweza kukufaa kuliko yote, maana hati yako haiguswi sana, ila uone kwa maandishi nani atafanya ukarabati na nani atawajibika mtu akiumia.

Halafu kuna "tunaomba mchangie". Hapa nasimama kidogo. Kuchangia ardhi kwa hiari ni jambo la heshima na nimeona watu wakitoa kwa roho safi. Lakini hiari haipatikani kwa kunyoosha mikono kwenye mkutano wa mtaa. Kura ya mkutano haichukui ardhi ya mtu. Mwenye kiwanja, na mwenzi wake kama ameoa au ameolewa, ndio wanaosaini, wakiwa wameoneshwa vipimo, wakiwa na muda wa kwenda nyumbani kulala na kufikiri. Ukiona jirani yako mjane anatazamwa na watu wote mkutanoni asubiriwe aseme "natoa", inuka umsaidie. Sema: "Mwenyekiti, tunaomba hili liende kwa maandishi, kila mmoja kwa nafasi yake." Wala hutakuwa umepinga maendeleo.

Omba kuona mchoro wa mipango miji, si picha ya rangi iliyobandikwa ukutani. Mchoro una namba za viwanja na vitalu. Tafuta namba yako, uliza upana wa njia na upana wa eneo zima linalochukuliwa, maana mara nyingi njia ni mita 3 lakini pamoja na mtaro, miti na taa inakuwa mara mbili ya hapo. Kama njia inafuata barabara badala ya korongo, uliza hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, inaishia wapi. Alama za X zinazochorwa kwenye majengo ya kando ya barabara, nyekundu na kijani, hazina maana moja: ya kijani hulipwa fidia, nyekundu hailipwi.

Karatasi zako

Dodoma ina historia yake ya karatasi. Wengi wetu tulipewa viwanja na iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, kwa hati za miaka 33. CDA ilivunjwa Mei 2017, shughuli zake zikaenda halmashauri, na hati zikaanza kubadilishwa kuwa za miaka 99. Kama bado umeshika ya zamani, au una barua ya toleo tu (ile ya kukugawia kiwanja kabla ya hati), au una karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, anza kufuatilia sasa. Kuwa na karatasi dhaifu hakukunyimi fidia ya ulichokiendeleza, lakini kunakupa kazi ya kujieleza siku ambayo wenzako wanasaini na kuondoka.

Linaloumiza zaidi ni mirathi. Kwetu kuna familia ambayo kiwanja kiko kwa jina la marehemu baba yao. Kaka mkubwa anaishi pale, dada zake wameolewa mikoa mingine. Timu ya kuthamini mali ilipokuja, kaka akasimama kama mwenye mali, na kwa kweli yeye ndiye aliyeitunza. Dada walipopata habari wakapiga simu ofisini kuzuia. Hakuna aliyekuwa mwizi pale. Hakukuwa tu na mtu mwenye mamlaka ya kupokea. Fedha zikakaa, ukuta ukavunjwa, ndugu wakanuniana hadi msibani.

Dawa yake ni ya mapema. Itisheni kikao cha familia, andikeni muhtasari, kila mrithi asaini, mpendekezeni msimamizi, mwende Mahakama ya Mwanzo mkiwa na cheti cha kifo. Mahakama hutoa tangazo na kusubiri wenye pingamizi, kwa hiyo msitegemee kulimaliza kwa wiki moja. Aliye mbali na ashirikishwe kwa simu kabla hajasikia kwa majirani. Shangazi mmoja akikasirika anaweza kusimamisha kila kitu, na mara nyingi anakuwa na haki.

Kama hati iko benki kwa mkopo, iarifu benki kwa barua. Na majina yalingane: hati, kitambulisho cha NIDA na akaunti. Herufi moja inatosha kuchelewesha malipo.

Habari ya mita 60

Ukikaa kando ya korongo utaambiwa: "Uko ndani ya mita 60, hulipwi." Usinywee, na pia usitukane. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kweli inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Sheria ya Ardhi nayo inaitaja mita 60 ya kingo za mito inapozungumzia maeneo hatarishi. Lakini maswali yapo. Je, korongo lenu, linalopitisha maji wakati wa mvua tu, limetambuliwa kuwa mto? Waulizeni kwa barua ofisi ya bonde, ile inayosimamia maji ya mito ya eneo lenu. Kwetu ni Bonde la Wami/Ruvu, kwa kuwa maji yetu yanaelekea mto Kinyasungwe. Je, kiwanja chako kilipimwa na Serikali yenyewe, ukapewa hati na kutozwa kodi ya pango kila mwaka? Basi weka hati na risiti mezani, uombe jibu la maandishi linalotaja kifungu. Anayekukatalia kwa mdomo hajakukatalia bado.

Jambo jingine la korongo: linatembea. Mvua kubwa ikija linakula ukingo, na bikoni, lile jiwe la mpaka wa kiwanja, iliyokuwa nchi kavu mwaka ule leo inaning'inia au imezolewa. Kama bikoni yako haipo, mlipe mpimaji mwenye leseni airudishe kabla ya tathmini, majirani wakishuhudia. Gharama mgawane na wa pembeni, kwa sababu bikoni ya mpakani ni yenu wote.

Siku ya tathmini

Siku hii kaa nyumbani. Usimwachie dada wa kazi, usimwachie mpangaji. Timu huwa na mthamini, mpimaji, afisa ardhi, na mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Watakupiga picha umeshika kibao chenye namba yako mbele ya mali yako. Mke na mume simameni pamoja kwenye picha hiyo, na majina yote mawili yaandikwe.

Waoneshe kila kitu, na hasa kisichoonekana. Bibi mmoja jirani yangu alilijua hili kuliko sisi tuliosoma. Kijana mthamini alimwamkia vizuri, "Shikamoo bibi," akaitikia "Marahaba mjukuu wangu," kisha badala ya kukaa kwenye kiti alichowekewa akatangulia na mkongojo wake. Akafika karibu na ukuta, akagonga chini mara mbili. "Hapa chini kuna shimo la choo. Limejengewa kwa mawe. Andika." Akasogea. "Hapa bomba la maji, linatoka kwenye mita pale. Andika." Kijana akaandika. Walipofika kwenye mizabibu akataka kuandika "mizabibu, eneo dogo", bibi akaweka mkono juu ya fomu: "Hesabu, mjukuu wangu. Moja moja." Wakahesabu wote wawili, yeye kwa mkongojo na kijana kwa kalamu. Mzabibu wa Dodoma unavunwa mara mbili kwa mwaka. Mkubwa unaozaa na mche wa juzi havilipwi sawa, kwa hiyo umri nao ukaandikwa.

Basi fuata nyayo za bibi. Shimo la maji taka, chemba, msingi uliofukiwa, tanki la chini, waya, geti na nguzo zake, sakafu ya zege, miti ya kivuli na ya matunda. Ukuta utajwe urefu, kimo na aina: wa tofali za bloku uliopigwa plasta haulingani na wa tofali za udongo. Toa karatasi yako ya vipimo mlinganishe pale pale. Kosa lililoonekana ukiwa na mthamini uani husahihishwa kwa kalamu. Likionekana miezi mitatu baadaye ni barua, nauli na foleni.

Usisaini fomu yenye nafasi tupu. Piga picha kila ukurasa. Na baada ya siku hiyo usiongeze kitu kwenye eneo lililohesabiwa. Wapo wanaochomeka miche usiku ili walipwe. Haihesabiwi, na inawaharibia wenzao wenye madai ya kweli.

Hesabu ya fidia inavyokwenda

Katiba, Ibara ya 24, inalinda mali yako, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 ndizo zinazochambua vipengele. Msingi ni thamani ya soko ya ardhi na maendelezo. Juu yake inakuja posho ya usumbufu: thamani hiyo mara wastani wa riba ambayo benki za biashara hutoa kwa amana za miezi 12. Tuseme kipande chako kimethaminiwa shilingi 6,000,000 na riba ya wastani ni asilimia 8. Posho ya usumbufu ni 480,000.

Posho ya makazi ni kodi ya soko ya mwezi mara miezi 36, na posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Hizi ni za anayeondolewa mahali anapokaa. Kwa ua uliomegwa usizitarajie. Lakini kama njia inakula chumba ulichopangisha, au banda unaloishi, zidai.

Kinachosahaulika ni faida iliyopotea. Mwenye genge kwenye ukingo wa kiwanja hudhani atalipwa mabanzi na mabati tu. Kama ana daftari la mauzo, leseni au kitambulisho cha mjasiriamali, na anaonesha kuwa kwa mwezi hubaki na shilingi 60,000 baada ya kutoa gharama, kipimo ni miezi 36: yaani 2,160,000. Dada zangu wa magenge, andikeni mauzo kila jioni, hata kwenye daftari la shule. Nimeona tofauti inayoletwa na daftari hilo.

Kilichobaki

Hapa ndipo ninapowasihi watu watulie kuliko penginepo, kwa sababu fomu huuliza kilichochukuliwa tu.

Kaa na vipimo vyako uangalie maisha yatakavyokuwa njia ikishajengwa. Geti litafunguka kuelekea wapi? Gari litaingia? Dirisha la chumba cha kulala litakuwa umbali gani na watu wanaopita saa mbili usiku? Shimo la choo likivunjwa, jipya litachimbwa wapi, na je, ua uliobaki unatosha? Maji ya mvua yaliyokuwa yakielekea korongoni sasa yatakuta tuta la njia. Yatarudi kwako au yamewekewa kalvati ya kuyapitisha chini ya njia? Udongo wetu mwekundu ukishaanza kumomonyoka chini ya msingi haungoji kikao.

Kila jibu liwe ombi la maandishi: ukuta mpya ujengwe kabla wa zamani haujavunjwa, geti lihamishwe, kalvati iwekwe mkabala na mtaro wako, mwarobaini ulio ukingoni uachwe na njia iuzunguke. Mambo kama haya hukubaliwa kwa urahisi wakati mchoro bado uko mezani. Mkandarasi akishafika, kila badiliko lina bei, na hamtalipata.

Na kama kilichobaki hakifai kitu, labda pembe tatu isiyojengeka au nyumba iliyobaki bila choo, andika uombe kitwaliwe chote au upewe kiwanja mbadala. Usione haya.

Malipo, na yakichelewa

Ripoti ya uthamini huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu idhini hiyo. Ikizidi, riba inaanza kuhesabiwa. Ikifika miaka 2 bila malipo, uthamini huo umekwisha nguvu na unafanywa upya. Kwa hiyo tarehe ya idhini ndiyo ya kuuliza, na kuiandika ukutani kama ni lazima.

Kiasi kikikuonea, anza na barua kwa afisa ardhi ukiambatanisha vipimo na picha, nakala kwa mtendaji wa mtaa, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Onana na wasaidizi wa kisheria. Wapo, na huduma yao ni bure. Kushtaki ni hatua ya mwisho: tangu mabadiliko ya sheria ya 2020, halmashauri nayo hushtakiwa Mahakama Kuu pamoja na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, baada ya notisi ya siku 90. Majirani wenye dai linalofanana waende pamoja.

Usiruhusu tingatinga kuanza kwa ahadi ya "hela ziko njiani". Mwoneshe msimamizi wa kazi, kwa upole, kwamba hujalipwa, umpigie mwenyekiti aje ashuhudie.

Ukishalipwa, bado kuna hati. Eneo limepungua, kwa hiyo utairudisha ya zamani ili utolewe mpya ya eneo lililobaki, baada ya upimaji na bikoni mpya. Tangu mwanzo weka kwenye makubaliano kwamba gharama za upimaji na hati hiyo si zako. Usiikabidhi hati bila risiti ya makabidhiano yenye jina na saini ya aliyeipokea. Ikishatoka, angalia mita za mraba zilizoandikwa, kisha angalia ankara ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka unaofuata. Kama bado inakutoza kwa ukubwa wa zamani, nenda na hati mpya wairekebishe kabla hujalipa.